Unga wa Kuziba Jino

Watu huhesabu mali zao kwa mashamba, nyumba na ng'ombe. Mimi, ambaye sina moja katika hayo, nina fedha kidogo ambayo mwizi hakupata kuniibia wala mimi mwenyewe sikupata kuitumia. Imo katika gego la chini, upande wa kushoto wa taya langu. Ilitiwa humo mwaka 1988, nilipokuwa mwanafunzi, na tangu siku hiyo imetafuna pamoja nami kila riziki niliyojaliwa. Rangi yake imegeuka kuwa nyeusi kama senti iliyosahauliwa mfukoni. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiisema vibaya. Insha hii naiandika kwa sababu mbili: kueleza jinsi unga wa madini uliozaa kipande hicho unavyotengenezwa, na kulipa deni la maneno niliyoyasema bila kujua.

Gego hilo lilizibwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda hospitali nikiwa na woga wa mtoto, ijapokuwa ndevu zilikuwa zimekwisha kuniota. Daktari wa meno alikuwa mtu mpole, mchache wa maneno. Alilichimba jino, akalisafisha, akalikausha, akaweka pamba kando yake, kisha akaniambia, "Usifumbe mdomo, mwanangu, mpaka nimalize." Akaenda kwenye meza yake. Nilimwona akimimina unga wa kijivu katika kinu kidogo cha kioo, akaudondoshea zebaki, akausaga kwa mchi mpaka vitu viwili vile vikawa kitu kimoja laini king'aacho. Akakikamua katika kitambaa ili zebaki iliyozidi itoke, akanirudia, akakishindilia kidogo kidogo katika tundu la jino. Aliniagiza nisilitafunie jino hilo mpaka siku ya pili. Nikaenda zangu nikimshukuru Mungu.

Shukrani zangu zilidumu siku tatu. Usiku wa siku ya nne jino lilianza kuuma kwa uchungu wa namna nyingine, uchungu wa kusukumwa, kana kwamba mbegu ilikuwa imepandwa ndani ya gego na sasa ilikuwa inaota. Nilirudi hospitali, shavu mkononi, moyo umejaa lawama. Daktari alitazama, akaguna, akakitoa kipande, akaliziba jino upya. Mimi nilitoka na hukumu yangu tayari: unga ule ulikuwa mbovu. Nilisema kuwa watu wa viwanda vya ng'ambo hutuletea masazo, na kuwa kinywa cha maskini ni jaa la takataka zao. Nilisema hivyo bwenini, nikasema barazani, na baadaye, nilipokuwa mwalimu, nikasema darasani. Nilikuwa hata na methali ya kuyapambia maneno yangu: jino la pembe si dawa ya pengo. Watu walicheka wakaniamini. Jambo moja tu sikulitia katika hadithi yangu, kwa kuwa sikuwa nimeujua uzito wake: mara ya pili jino lilizibwa kwa unga uleule, kutoka chupa ileile, kwa mkono uleule, na mara hiyo lilipona.

Miaka ilipita kabla jambo hilo halijanisumbua. Liliponisumbua, nilianza kusoma.

Kitu kinachozibia jino namna hiyo huitwa amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Nusu ya pili ni unga wa aloi, yaani madini kadhaa yaliyoyeyushwa pamoja yakawa kitu kimoja: fedha, bati, shaba kidogo, na mara nyingine zinki kidogo zaidi. Zebaki ni madini ya ajabu. Katika joto tunaloishi ndani yake ni kioevu, na ikikutana na madini mengine huyakumbatia. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi ya Geita waijua tabia hiyo, maana huitumia kukusanyia chembe za dhahabu zilizotawanyika katika mchanga. Daktari wa meno ana haja nyingine. Yeye ataka kitu kitakachokuwa laini kwa dakika chache tu, muda wa kukishindilia katika tundu lisilo na umbo maalumu, kisha kiwe kigumu kwa miaka mingi.

Katika mwaka 1826, mjini Paris, Auguste Taveau alichanganya zebaki na fedha ya sarafu iliyopigwa tupa, akazibia meno. Katika mwaka 1833 ndugu wa ukoo wa Crawcour walitoka Ulaya wakaingia New York na kitu cha namna hiyo. Walikipa jina la kifalme, wakakisifu kupita kiasi, wakawazibia watu meno upesi upesi bila ya kuutoa uozo uliokuwamo. Madaktari wa huko waliokuwa wakiziba kwa dhahabu walikasirika. Walikuwa na haki ya kukasirika, lakini hasira yao haikukomea kwa watu waovu. Ilikiendea na kitu chenyewe. Chama cha kwanza cha madaktari wa meno wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1840, kiliwataka wanachama watie sahihi ahadi ya kutotumia amalgamu. Waliokataa walifukuzwa. Ugomvi ule ukakila chama chenyewe, hata mwaka 1856 kikavunjika.

Niliposoma habari hizi nilijiona mwenyewe kama katika kioo. Upande mmoja ulisema kitu hiki ni dawa ya kila jino, na upande wa pili ulisema ni sumu na udanganyifu. Kila upande ulikuwa na wagonjwa wa kuwataja, na kila upande ulikuwa na ulimi mkali. Kilichokosekana kwa wote wawili ni kipimo. Yule ambaye ziba yake ilisinyaa ikaacha ufa hakujua kwa nini, na yule ambaye ziba yake ilitulia miaka 20 hakujua kwa nini.

Aliyeleta kipimo ni Greene Vardiman Black, daktari wa meno wa jimbo la Illinois, aliyezaliwa mwaka 1836, akafundisha huko Chicago. Katika miaka ya 1895 na 1896 alitangaza matokeo ya majaribio yake. Black hakuuliza kama amalgamu ni nzuri au mbaya. Aliuliza maswali madogo ambayo huweza kujibiwa. Fedha ikizidi, kipande hufanya nini? Hutanuka. Bati likizidi? Hunywea, tena hukawia kuganda. Basi akatafuta kadiri ambayo kutanuka kwa huku kutalingana na kunywea kwa kule, akaipata karibu na sehemu 68 za fedha na sehemu 26 au 27 za bati katika 100, zilizobaki zikiwa shaba na zinki. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne unga wa kuzibia meno ulitengenezwa kwa kadiri zisizokuwa mbali na hiyo.

Hata hivyo kadiri peke yake haikumtosha, kwa sababu aligundua jambo la kushangaza. Unga uliokatwa leo na unga wa aloi ileile uliokatwa zamani kidogo haukuwa na tabia moja. Uliokaa uliganda taratibu na kwa utulivu, ambao haujakaa uliganda kwa pupa. Tena aliona kuwa joto dogo laweza kufanya kwa muda mfupi kazi ambayo siku nyingi hufanya polepole.

Hapa nilimkumbuka mzee mmoja wa mtaa wetu wa utotoni huko Lamu. Alikuwa fundi wa fedha. Aliyeyusha vyombo vilivyovunjika na reale kuukuu za Maria Theresa, akafua vikuku na pete. Sisi watoto tulimwita babu. Nilikuwa nikimtazama akiigonga fedha kwa nyundo, kisha ghafula huacha, akairudisha motoni hali haijapata umbo. Siku moja nilimwuliza, "Babu, mbona waichoma tena?" Akanijibu, "Imechoka, mjukuu wangu. Fedha ikipigwa hushupaa, na ukizidi kuipiga bila kuipumzisha itapasuka mkononi mwako." Nilidhani ni maneno ya kumnyamazisha mtoto. Kumbe ilikuwa elimu ileile ya Black: madini yaliyopigwa au kukatwa hubaki na mateso ndani yake, na moto wa kiasi huyaondoa.

Kazi ya kiwandani, basi, huanza kwa namna ambayo yule babu angeielewa. Madini hupimwa kwa mizani na kuyeyushwa katika tanuri, yakikingwa na hewa ili yasiungue. Kazi ya zinki katika aloi za zamani ilikuwa hiyo: yenyewe hushikwa na oksijeni kwanza na kuyaokoa madini mengine, kama mtumishi anayepokea pigo lililokusudiwa bwana wake. Kisha aloi husubiwa katika kalibu, ikatoka mkuo wa mviringo.

Mkuo huo ukitazamwa kwa macho huonekana mmoja, lakini ndani hauko sawasawa. Sehemu zilizotangulia kuganda zimechukua fedha nyingi, zilizochelewa zimebakiwa na bati jingi. Ukisagwa katika hali hiyo, kila chembe itakuwa na tabia yake. Kwa hiyo hurudishwa katika joto la karibu digrii 400 za sentigredi, ukakaa humo saa nyingi bila kuyeyuka, mpaka fedha na bati zigawane upya. Zikikaa sawa, huungana kwa hesabu ya atomi tatu za fedha kwa moja ya bati. Huo ndio mwili wa unga wote.

Baada ya hapo mkuo hukerezwa kwa mashine, ukatoka vinyoleo vyembamba, navyo husagwa zaidi na kuchekechwa. Chembe zikiwa kubwa mno, ziba hukwaruza na haikubali kung'arishwa. Zikiwa ndogo mno, zinahitaji zebaki nyingi, maana kitu kikigawanywa sana nyuso zake huongezeka. Chembe nyingi huwa hazifiki sehemu ya kumi ya milimita. Aghalabu huoshwa kwa asidi hafifu ili kutu ya juu itoke na zebaki iweze kuzishika. Mwisho hupashwa joto la kiasi cha maji yachemkayo kwa saa kadhaa, ili mateso ya kukatwa yatulie. Iko njia nyingine iliyoenea tangu miaka ya 1960: aloi iliyoyeyuka hunyunyizwa kama mvua katika chumba kilichojaa gesi isiyounguza, na kila tone huganda kabla ya kufika chini likawa kitone cha mviringo. Unga wa namna hiyo hauhitaji zebaki nyingi kama ule wa kukereza.

Kisha huja mtihani. Jeshi la Marekani liliiomba ofisi ya vipimo ya nchi hiyo katika mwaka 1919 ichunguze amalgamu zilizokuwa zikiuzwa, na kufika mwaka 1930 chama cha madaktari wa meno wa huko kilikuwa na kanuni yake ya kwanza ya ubora, nayo ilihusu unga huu. Kiwandani sampuli huchanganywa na zebaki, hufinyangwa kuwa vipande vidogo, navyo hupondwa kwa mashine ili nguvu yake ijulikane baada ya saa moja na baada ya siku. Hupimwa pia kutanuka kwake. Kanuni ya zamani ya Marekani iliruhusu badiliko lisilozidi mikroni 20 katika kila sentimita moja, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Unga unaoshindwa haupewi cheti.

Nilipofika katika hesabu hiyo ndipo nilipokutana na hukumu yangu. Kitabu kilieleza ajali moja inayojulikana sana katika aloi zenye zinki. Amalgamu hiyo ikiingiwa na maji kabla haijaganda, ingawa ni kiasi kidogo cha jasho au mate, zinki huyavunja maji na kutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hufungika ndani ya kipande, nacho huanza kuvimba. Uvimbe hauji mara moja. Huanza baada ya siku tatu hadi tano, na waweza kupita mikroni 400 kwa sentimita, yaani mara 20 ya kile kilichoruhusiwa. Mgonjwa husikia uchungu kama wa kitu kinachosukuma ndani ya jino.

Nilikiweka kitabu chini. Siku ya nne, kusukumwa, mbegu inayoota: yote yalikuwamo. Kisha likanijia jambo ambalo nilikuwa nimelizika miaka yote. Daktari alipokuwa ananishindilia kipande cha kwanza, nilishikwa na hofu nikafumba mdomo. Ilikuwa kwa muda wa pumzi mbili, nikameza mate, nikaufumbua tena kabla hajasema neno. Alinitazama, akaipangusa sehemu ile kwa pamba, akaendelea. Mara ya pili, kwa kuwa uchungu ulikuwa umenifundisha adabu, niliuacha wazi mpaka mwisho.

Sidai kuwa nimethibitisha. Kipande kile cha kwanza kilitupwa, wala hakuna maabara itakayokipima leo. Lakini unga mmoja ulitumika mara mbili na mkono mmoja uliziba mara mbili. Kilichobadilika kati ya siku hizo mbili ni kinywa changu. Kama ningekuwa hakimu na kesi hii si yangu, nisingepata shida ya kutoa hukumu.

Hata wenye elimu huweza kukosea sababu, ila wao huendelea kupima. Katika mwaka 1963, nchini Kanada, Innes na Youdelis walitangaza unga ambao ndani yake walikuwa wamechanganya chembe za fedha na shaba. Walitaka chembe hizo ziitie nguvu amalgamu kama kokoto zinavyolitia nguvu zege. Unga ulifaulu kuliko walivyotumaini, lakini baadaye ilionekana kuwa sababu kubwa ilikuwa nyingine. Katika amalgamu ya zamani sehemu ya bati huungana na zebaki, na muungano huo ndio mahali padhaifu panapoliwa na kutu. Shaba ikiwapo ya kutosha hulivuta bati upande wake, na ule udhaifu ukakosa chakula. Walikusudia jambo moja wakajaliwa jingine, na waliokuja baada yao hawakuona haya kusahihisha maelezo.

Leo unga huu unaelekea kwenye mwisho wake. Haukushindwa katika jino. Kosa lake ni mwenzi wake. Zebaki inayomwagika katika mifereji ya zahanati, na ile inayopanda hewani maiti ichomwapo, hufika majini, na majini hugeuka kuwa sumu inayokaa katika samaki. Mji wa Minamata huko Japani, ambako ugonjwa wa sumu ya zebaki ulitambuliwa mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga taka zake baharini, umetoa jina la mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Norway na Sweden zilikuwa zimekwisha kuiacha amalgamu kabla ya hapo. Umoja wa Ulaya uliizuia tangu tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa kwa haja maalumu za mgonjwa, na mwezi wa Novemba mwaka huo nchi za mkataba zilikubaliana kuwa mwaka 2034 uwe ndio kikomo. Waliotia sahihi ahadi katika miaka ya 1840 huenda wangeshangilia. Lakini wao walikataa kwa hasira, na hawa wa leo wamekataa kwa hesabu. Baina ya makatao hayo mawili mna tofauti kubwa, ijapokuwa neno lenyewe ni moja.

Majuzi nilimwuliza daktari wangu wa sasa, binti ambaye alikuwa hajazaliwa jino langu lilipozibwa, kama yafaa kipande hiki kitolewe. Alikigonga kwa chombo chake, akakitazama pembeni kote kwa kioo kidogo. "Mwalimu," alisema, "hiki bado kizima. Nikikichimba nitakupa mvuke wa zebaki ambao sasa huupati, na nitakula jino zima lililobaki. Tukiache kimalize kazi yake." Nikafurahi, kwa maana sikuwa na hamu ya kuachana nacho.

Daktari wa mwaka 1988 sikupata kulijua jina lake. Alikuwa na umri wa kuwa baba yangu, na yamkini sasa ni marehemu. Wala sijui ni mafundi gani, katika nchi gani, walioupima ule unga kwa mizani, wakaulaza motoni saa nyingi, wakauchekecha, wakauosha, wakaujaribu, kisha wakautia katika chupa bila kujua utakwenda kukaa katika kinywa cha nani. Wote hao niliwaita waongo mbele ya wanafunzi. Wanafunzi wale wamekwisha kutawanyika, na baadhi yao sasa ni walimu, wala sina njia ya kuyarudisha maneno yale kutoka masikioni mwao. Nimeyaandika haya ili walau wachache wayasome. Unga ulikuwa mzuri, na mkono wa daktari ulikuwa mzuri. Aliyefumba mdomo ni mimi.